Jina Limevunjikia Wapi?

Katibu wa chama cha akiba na mikopo ana barua moja ya mwaliko wa mkutano mkuu, pamoja na lahajedwali lenye majina, anwani na hisa za wanachama. Anaiagiza Word ichukue kila mstari wa lahajedwali na kuupachika kwenye nafasi zilizoachwa wazi, na baada ya dakika chache ana barua mia kadhaa, kila moja na jina la mwenyewe. Hivyo ndivyo kazi ya kuunganisha barua na orodha inavyotakiwa kwenda. Isipokwenda hivyo, barua ya kwanza inaanza na "Ndugu NgÅ©gÄ©", ya pili inakwenda kwa mkazi wa "Murangâ€™a", ya tatu inamwambia mwanachama kwamba hisa zake ni 0, na ya nne ina pengo tupu mahali pa nambari ya simu.

Lawama huangukia Word, na mara nyingi Word inaonewa. Jina hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye barua. Linachapwa kwenye simu au kompyuta, linahifadhiwa katika faili, faili linafunguliwa na programu nyingine, data inavutwa hadi kwenye barua, na mwishowe fonti ndiyo inayolichora kwenye karatasi. Kila makabidhiano yana namna yake ya kuharibu, na kila namna huacha alama zisizofanana na za nyingine. Ndiyo maana kuchapa upya majina yaliyoharibika, jambo ambalo ofisi nyingi hulikimbilia, ni kazi ya bure. Mwezi ujao faili litapita njia ileile na kuharibika vilevile. Swali la kuuliza ni makabidhiano gani yamelivunja jina.

Watumiaji wa Kiswahili tuna sababu ya kuzembea katika jambo hili. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi nambari, na orodha ya kwanza ya nambari hizo kuenea sana, yaani ASCII ya Wamarekani ya mwaka 1963, ina nafasi 128 tu. Herufi zote za Kiswahili sanifu zinaenea humo, hata ritifaa ya ng'. Mfaransa na Mjerumani walilia na herufi zao zenye vikorombwezo kwa miongo mingi. Sisi tuliandika "ng'ombe" bila shida. Lakini orodha ya wanachama haijajaa maneno ya Kiswahili. Imejaa watu. Gĩkũyũ na Kikamba vina ĩ na ũ. Bukavu, Goma, Bujumbura na Kigali kuna akina Désiré, Joséphine na François. Chama chenye wanachama wa Nairobi na Bukavu kina kila herufi ya kukivuruga.

Baada ya ASCII yalikuja majedwali ya nafasi 256. Linalotukuta zaidi ni lile la Windows linaloitwa Windows-1252, ambalo lina é na ç lakini halina ĩ wala ũ. Kisha mwaka 1991 likatoka toleo la kwanza la Unicode, mradi wa kuipa kila herufi ya kila lugha nambari yake, na mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, njia ya kuziandika nambari hizo ambayo leo imetawala intaneti. Katika UTF-8, herufi za ASCII huchukua baiti moja kama zamani, na nyingine zote huchukua baiti mbili hadi nne. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Herufi ũ huandikwa kwa baiti mbili, C5 na A9. Programu inayodhani inasoma Windows-1252 huzichukulia kuwa herufi mbili, Å na ©. Ĩ ndogo hugeuka Ä©, é hugeuka Ã©, na ritifaa iliyopinda, yenye baiti tatu, hugeuka â€™. Mwandishi mmoja tu, Ngũgĩ wa Thiong'o, ana aina tatu za mtihani katika jina lake, na ndiyo maana jina lake linafaa kupimia faili lolote.

Basi ukiona Ã, Å, Ä au â€™ katikati ya jina, data bado ni nzima na msomaji ndiye aliyekosea. Usirekebishe jina hata moja kwa mkono. Rudi kwenye faili la asili ulisome upya kwa UTF-8. Ukiona alama ya kuuliza mahali pa ũ, au u ikibaki tupu bila kikorombwezo chake, hali ni mbaya zaidi. Mtu alihifadhi faili katika jedwali lisilo na herufi hiyo, na herufi haimo tena ndani ya faili. Hakuna mpangilio utakaoirudisha, itabidi utafute nakala ya kabla ya hapo. Kile kialmasi cheusi chenye kiulizi ndani, �, kinasema kinyume cha hali ya kwanza, yaani faili la Windows-1252 limesomwa kana kwamba ni UTF-8. Ukiona "Murang'a" au "Murang\'a", data imetoka kwenye mfumo wa mtandaoni uliojikinga na ritifaa kwa kuiandika kwa msimbo, kisha ukasahau kuirudisha wakati wa kuitoa. Na ukiona kisanduku kitupu, au herufi moja yenye sura tofauti na wenzake, usihangaike na lahajedwali kabisa. Hiyo ni fonti. Fonti za kawaida za Word zina ũ na ĩ, lakini zile za mapambo, zenye mikia na maua, ambazo watu huzipenda kwa vyeti vya mahafali, mara nyingi hazina.

Njia inayovunja majina mengi kuliko zote ni hii. Taarifa zinakusanywa kwa fomu ya Google na kuingia kwenye lahajedwali la mtandaoni, ambako kila kitu ni salama. Mtu anazishusha kama faili la CSV, yaani maandishi matupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato. Faili hilo liko katika UTF-8, lakini halina alama yoyote mwanzoni ya kujitambulisha. Kisha analibofya mara mbili. Excel, kwa kukosa kitambulisho hicho, hulisoma kwa jedwali la Windows, na "Ngũgĩ" anakuwa "NgÅ©gÄ©" hapohapo. Mpaka hapo hakuna kilichopotea. Hasara inakuja pale mtu anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, kwa sababu sasa takataka ndiyo data rasmi.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kushangaza. Usilishushe kama CSV; lishushe kama faili la Excel lenye kiishio cha xlsx, kisha uiunganishe barua na faili hilo moja kwa moja. Ndani ya xlsx suala la msimbo wa herufi limeshaamuliwa, hakuna wa kubahatisha. Kama CSV haiepukiki, kwa mfano mfumo wa chuo au wa benki hautoi kitu kingine, ifungue Excel kwanza ikiwa tupu, nenda kwenye menyu ya "Data", uchague kuingiza kutoka faili la maandishi, na kwenye orodha ya misimbo uchague 65001, ambayo ndiyo UTF-8. LibreOffice inastahili sifa hapa: huuliza msimbo kila unapofungua CSV, na kukuonyesha mistari michache ya mfano kabla hujakubali.

Tangu mwaka 2016 Excel nayo inaweza kuhifadhi CSV ya UTF-8, na huanza faili hilo kwa baiti tatu za utambulisho. Ni hatua nzuri, ila baadhi ya programu za kutuma barua pepe huzichukulia baiti hizo kuwa sehemu ya kichwa cha safu ya kwanza. Safu uliyoiita "Jina" inakuwa "ï»¿Jina", na programu inakuambia haikuti safu inayoitwa Jina, nawe unaiona kwa macho yako. Njia ya mkato ni kuweka mwanzoni safu usiyoihitaji, kama nambari ya mfululizo, iharibike yenyewe.

Mafaili ya kutoka Lubumbashi au Bujumbura yana kisa kingine. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta mkato, kwa sababu mkato wa kawaida inautumia kwenye desimali. Likifunguliwa Nairobi, faili zima linajipanga kwenye safu moja. Na hata bila kuvuka mpaka, anwani kama "S.L.P. 40, Dodoma" hukatwa mapande mawili ikiwa mfumo uliotoa CSV haukuifunga kwa alama za kunukuu, na katika mstari huo kila kinachofuata anwani kinasogea hatua moja kulia, hata, safu ya jina ikiwa baada ya anwani, mwanachama akaandikiwa "Ndugu Dodoma".

Ritifaa inahitaji nafasi yake yenyewe, maana ndiyo alama maalumu pekee ambayo Kiswahili chenyewe kinaidai. Kwa macho ni alama moja. Kwa kompyuta ni alama kadhaa. Ya kwenye kibodi, iliyo wima, ni nambari 39. Word na baadhi ya simu huipinda zenyewe ikawa 8217. Mwenye haraka huchapa alama ya juu kushoto ya kibodi, nambari 96, au ile ya 180. Matokeo yake, Wilaya ya Nyang'hwale inaweza kuwa na sura nne katika safu moja, na Excel ikazihesabu kuwa wilaya nne. Ukitafuta hisa za mwanachama kwa kulinganisha jina la orodha moja na la orodha nyingine, humpati, ingawa yumo katika zote mbili.

Kwa bahati njema kuna kipimo. Toleo la Excel la 2013 na yaliyofuata yana fomula ya UNICODE. Ikiwa A2 ina neno "Ng’ombe", basi =UNICODE(MID(A2,3,1)) itakupa nambari ya herufi ya tatu, ambayo ndiyo ritifaa yenyewe. Ikija 8217, fomula ya =SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(8217),"'") inainyoosha. Fanya hivyo kwa safu nzima, siyo kwa majina yaliyokukera tu. Kipimo hichohicho kitakufumbulia ũ mbili zinazofanana kabisa kwa macho, moja ikiwa herufi kamili na nyingine ikiwa u ya kawaida iliyofuatwa na kikorombwezo kinachojitegemea.

Mtego mwingine ni wa orodha zilizochapwa kwa herufi kubwa tupu, kama zilivyo orodha nyingi za serikali na za shule. Katibu anataka majina yapendeze, anatumia fomula ya PROPER, na MURANG'A inakuwa "Murang'A", NYANG'HWALE inakuwa "Nyang'Hwale". Fomula hiyo hukuza kila herufi inayofuata kitu kisicho herufi, na walioitunga hawakuwa na ng' akilini. Ujanja ni kuificha ritifaa kwanza kwa herufi zisizotokea katika jina lolote, kisha kuirudisha: =SUBSTITUTE(PROPER(SUBSTITUTE(A2,"'","zqz")),"zqz","'"). Haipendezi machoni, lakini Murang'a inatoka kama Murang'a. Ritifaa ikiwa mwanzoni mwa jina, kama baadhi ya watu wanavyoandika 'Ali kwa kufuata ain ya Kiarabu, Excel huimeza kabisa unapolichapa, kwa kuwa ritifaa ya mwanzo kwake ni ishara tu kwamba kilichomo kwenye seli ni maandishi.

Orodha ileile hutumika pia kutuma ujumbe mfupi kwa wengi, na huko ritifaa iliyopinda inageuka kuwa pesa. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160 mradi zote zimo katika alfabeti ya GSM. Ritifaa iliyo wima imo. Iliyopinda haimo. Ikiwapo hata moja tu, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine wa herufi 70, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Chukua tangazo la herufi 150 linalowaarifu wafugaji tarehe ya chanjo ya ng'ombe. Likiwa na ritifaa wima ni ujumbe mmoja. Likiwa na iliyopinda, labda kwa sababu mtu alilitunga kwenye Word kisha akalinakili, ni jumbe tatu kwa kila mfugaji. Wafugaji 2,000 wanalipiwa jumbe 6,000. Baadhi ya watoa huduma hunyoosha alama hizo wenyewe. Wengine huzitoza tu. Alfabeti hiyo ina maajabu yake pia: é imo, ç ndogo haimo, kwa hiyo kumsalimu Désiré ni nafuu kuliko kumsalimu François.

Kuna uharibifu unaofanana na huu ambao chanzo chake si msimbo, bali ni Excel kuamua kwamba kitu fulani ni nambari. Nambari ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za nambari yoyote. Ukiichapa bila vistari, tano za mwisho zinageuka sifuri, papo hapo na bila onyo, na kubadili muundo wa seli baadaye hakuzirudishi. Ukiichapa na vistari vyake inabaki maandishi, nayo inasalimika. Simu inayoanza na 0 inapoteza 0 yake. Inayoanza na 255, kwa kuwa ina tarakimu 12, inaonekana kama 2.55712E+11, na hivyo ndivyo itakavyohifadhiwa kwenye CSV. Safu hizi zinatakiwa kufanywa za maandishi kabla ya kuchapa au kuingiza chochote.

Word nayo ina makosa yake, nisije nikaitetea kupita kiasi. Inaposoma lahajedwali la Excel, kiungo chake huchungulia mistari minane ya mwanzo na kuamua kila safu ni ya aina gani. Ikiwa minane yote ina hisa zilizoandikwa kwa tarakimu tupu, safu inahesabiwa kuwa ya nambari. Kwenye mstari wa kumi na tatu mhasibu ameandika "50,000/=", kama shilingi inavyoandikwa siku zote madukani na ofisini, na kwa Excel hayo ni maandishi. Barua ya mwanachama huyo inatoka na 0 au na pengo. Vivyo hivyo kwa aliyeandika simu mbili zilizotengwa kwa mkwaju. Safu ya maelezo nayo, ikiwa mistari minane ya mwanzo ina maneno machache, inaweza kukatwa kwenye herufi ya 255 kwa wote wanaofuata. Tarehe ni hatari zaidi kwa kuwa haionekani kuwa imeharibika. Word hupenda kuileta kwa mpango wa Kimarekani, mwezi kwanza, hivyo mkutano wa tarehe 7 Machi unaandikwa 3/7, na msomaji wa Dodoma anajiandaa kwa Julai. Bonyeza Alt na F9, na ndani ya mabano ya uga wa tarehe ongeza \@ "dd/MM/yyyy". MM ziwe kubwa, maana ndogo ni dakika.

Limebaki suala la nafasi isiyokatika, nambari 160, inayonakiliwa kutoka kurasa za mtandaoni na kuganda nyuma ya majina. Fomula ya TRIM haiioni. Ibadilishe kwanza iwe nafasi ya kawaida kwa SUBSTITUTE na CHAR(160), ndipo uitumie TRIM. Vichwa vya safu viwe vifupi, vianze na herufi, visiwe na nukta wala nafasi. Andika SLP, si S.L.P.

Nimesikia ushauri wa kumaliza matatizo haya yote kwa mpigo: ondoa ritifaa na vikorombwezo vyote, andika Muranga, Ngugi, Desire. Siukubali. Ni kweli kwamba watu wengi wenyewe huandika Ngugi bila vikorombwezo, na huo ni uamuzi wao. Ofisi haina mamlaka hayo. Jina la kwenye cheti lisipolingana na la kwenye kitambulisho, anayehangaika na hati ya kiapo ni mwenye jina, si katibu aliyetaka wepesi. Palipo na sababu ya kiufundi, kama ya ujumbe mfupi, tengeneza safu ya pili yenye jina lililorahisishwa na uiache ya kwanza ilivyo.

Ukitaka kujua mapema kama orodha yako ni salama, ongeza mwanachama wa kubuni chini tu ya vichwa vya safu. Mpe jina lenye ũ, é na ritifaa, anwani yenye mkato, neno badala ya tarakimu kwenye safu za simu, hisa na NIDA, na maelezo yanayozidi herufi 255. Chapisha barua yake peke yake, uisome. Mstari huo utakuonyesha palipovunjika, na kwa kuwa umo ndani ya ile minane inayochunguliwa, utailazimisha Word izichukulie safu hizo kuwa za maandishi, hata hisa za "50,000/=" zitoke kama zilivyoandikwa. Kabla ya kuchapisha barua za wote, fungua orodha ya wapokeaji na uondoe alama ya vema mbele ya jina lake. Mstari wenyewe usiufute.